Aliyemwosha Baba

Dawa ya pamba ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa, na nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Ilikaa kwenye mashati yake hata baada ya kufuliwa, kwenye kofia yake ya ukindu, kwenye shuka alilojifunika. Ilipoanza kusikika ndani ya nyumba, mwezi wa pili hivi, tulijua kwamba pamba imeshapita magoti na vitumba viko njiani. Kijiji chetu kiko Bukombe, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ushirombo, na wakati ule karibu kila nyumba ilikuwa na shamba la pamba nyuma ya mji wake. Mwanaume aliyepita njiani akinuka dawa alionekana mtu wa kazi. Wanawake wakitaka kumsifu mume wa mwenzao walisema kwamba huyo bomba la kupulizia halimtoki mgongoni. Mimi nami nilijivuna. Wenzangu shuleni waliponiambia ninanuka dawa, nilisikia kama wameniambia nina sare mpya.

Tuliishi na dawa ile kama tulivyoishi na chumvi. Makopo yalikaa chini ya kitanda cha wazazi wangu, pembeni ya gunia la karanga za mbegu, na mimi na mdogo wangu tulilala kwenye mkeka hatua chache kutoka hapo. Kunguni walipozidi, mama alichovya unyoya wa kuku ndani ya dawa na kuupitisha kwenye nyufa za kitanda. Chawa walipotuingia kichwani, tulipakwa kidogo, tukafungwa kitambaa, tukakaa kivulini huku ngozi ikituwaka hadi machozi yakatoka. Kopo likiisha halikutupwa. Lilisuguliwa kwa mchanga, likasuuzwa kwa maji ya kisima, likawa la mafuta ya kupikia. Kwenye kila kopo kulikuwa na fuvu la mtu na mifupa miwili, na chini yake mkanda wenye picha ndogo ndogo: mkono uliovaa glavu, buti, uso uliofunikwa, viganja vinavyonawa chini ya bomba la maji. Nilizitazama sana picha hizo. Nilidhani ni picha za wachimbaji wa mgodi wa Bulyanhulu, kwa sababu ni wao tu niliowahi kusikia kwamba wanavaa buti na glavu kazini.

Baba, ambaye wote walimwita Baba Minza kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa kuacha kazi katikati. Msimu ninaousimulia mvua zilikuja vizuri, lakini funza wa vitumba walikuja nazo. Ukipasua kitumba ulimkuta amejikunja ndani, mnene, ameshakula kila kitu. Baba akawa anapulizia kila alipowaona, na siku nyingine hata alipowahofia tu. Bomba lake lilikuwa la zamani. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekatika, na alipoinama dawa ilimchuruzika mgongoni, kwa hiyo alizungushia kitambaa pale shingoni mwa bomba na kuendelea. Kifuniko cha kupimia dawa kilikuwa kimepotea msimu uliotangulia. Badala yake tulitumia kikombe cha plastiki cha kijani, ambacho kila baada ya kupimia kilisuuzwa ndani ya ndoo na kuwekwa juu ya majani.

Shamba letu lilipakana na la Bibi Kwandu, mjane aliyeishi peke yake. Watoto wake wawili walifariki wakiwa wadogo, na wa tatu alikwenda machimboni Geita, miaka ikapita bila habari. Macho ya Bibi Kwandu yalikuwa mekundu siku zote, kwa sababu alipikia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Sababu hiyo kila mwanamke aliijua, maana wote walikaa kwenye moshi wa namna hiyohiyo. Hata hivyo, jicho jekundu la mwanamke mzee asiye na mtu wa kumsemea lilikuwa jambo la hatari kwetu, maana liliitwa jicho la mchawi, na bado naona aibu nikikumbuka kwamba sisi watoto tulipita mbio mbele ya mlango wake. Mama hakuvumilia hilo. Akiniona nikikimbia aliniita, akanirudisha nikamwamkie vizuri. Bibi Kwandu aliitikia marahaba bila kuonyesha kwamba ameelewa nilichokuwa nakimbia, kisha akanipa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, nikala njiani nikiwa nimejificha ili wenzangu wasinione.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, nikiwa darasa la tano. Baba alichelewa kuanza, kwa sababu asubuhi alikwenda kusaidia kumnasua ng'ombe wa jirani aliyezama kwenye tope la lambo la kunyweshea mifugo. Alipojifunga bomba ilikuwa imefika saa nne na upepo umeshaamka. Hakuwa amekula, alisema atakula akimaliza. Mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kliniki, na kazi yangu ilikuwa kuchota maji kisimani na kuyaleta shambani kwa ndoo. Baba alikoroga dawa kwa mkono, akaivaa ile mikanda ya bomba, akaanza kupita kati ya mistari. Upepo ulipomrudishia ukungu usoni, alifumba macho na kusonga mbele. Mara mbili tundu la kutolea dawa liliziba, akalichomoa, akalipuliza kwa mdomo, akatema mate, akalirudisha. Nilimwona, na sikuona ajabu yoyote. Hivyo ndivyo nilivyowaona wanaume wote wakifanya.

Ilipokaribia saa saba aliniita, akasema ana kiu. Kibuyu cha maji ya kunywa tulikuwa tumekiacha mwisho wa shamba. Nilikuwa nimechoka, ndoo niliyotoka kuichota ilikuwa mbele yangu, na kile kikombe cha kijani kilikuwa palepale. Nikakisuuza mara moja, nikachota, nikampa. Alikunywa, akaomba cha pili, akanywa. Akaniambia, "Asante, mama," kama alivyozoea kuniita, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Haukupita muda mrefu akakaa chini katikati ya mistari. Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona jasho linamtoka kama mtu aliyenyeshewa, machozi yanamtoka bila yeye kulia, na mate yanamdondoka hadi kifuani. Nyama za mikono yake zilikuwa zinarukaruka zenyewe chini ya ngozi. Alipoinua uso kuniangalia, mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje za ulezi. Alijaribu kusema jambo, akatapika. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Aliyefika ni Bibi Kwandu, aliyekuwa anapalilia karanga zake upande wa pili. Alikuja kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake. Hakuuliza kitu. Aliinama, akamnusa baba kifuani, akaanza kumfungua mikanda ya bomba.

"Dawa imemwingia," alisema. "Nisaidie kumvua shati."

Tulilivuta pamoja. Mgongo wa baba ulikuwa umelowa, mwekundu kuanzia mabegani hadi kiunoni. Bibi Kwandu alichukua ndoo yangu akammwagia yote, kisha akanituma nyumbani kwake nikalete sabuni ya mche na dumu la maji lililokuwa nyuma ya mlango. Nikaingia mbio katika nyumba ile niliyoiogopa maisha yangu yote, na haikuwa na kitu zaidi ya kitanda cha kamba, chungu na rozari iliyoning'inia ukutani. Niliporudi alikuwa amemlaza baba ubavu ili matapishi yasimrudie kooni. Alimpaka sabuni, akamsuuza, akarudia tena, nywele, masikio, chini ya kucha. Alikuwa akisema polepole, kama anayezungumza na nafsi yake, kwamba ndama akilowa dawa kali ya kupe huoshwa upesi kabla ngozi haijainywa, na mtu naye ana ngozi.

Hapo ndipo baba mdogo Masanja alipofika na wanaume wengine wawili. Masanja ni mdogo wake baba, na mwaka ule alikuwa amerudi kutoka machimboni akiwa na mwili wa nguvu na hasira za karibu. Alichokiona ni kaka yake akiwa nusu uchi ndani ya tope, akitetemeka, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu ameinama juu yake akinong'ona.

"Umemfanya nini?" aliuliza, akamsukuma.

Bibi Kwandu aliangukia mkono wake. Nilitaka kusema, lakini walikuwa wameshamwinua baba na kumpakia kwenye baiskeli, mmoja akiendesha na mwingine akikimbia pembeni amemshikilia. Walimpeleka kwenye kituo cha afya cha misheni. Shambani tukabaki mimi na Bibi Kwandu na bomba lililolala pembeni likiendelea kuvuja. Alijipangusa tope, akaniambia ninawe mikono kwa sabuni, tena na tena, kisha akarudi kwenye karanga zake. Nilimwona anapalilia kwa mkono mmoja.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, maneno yalikuwa yameshafika kila nyumba. Kwamba Bibi Kwandu alikutwa ameinama juu ya baba. Kwamba alimmwagia maji yenye kitu. Kwamba mwanaume mzima hawezi kuanguka hivi hivi kwa kazi aliyoifanya miaka kumi na mitano. Masanja alikwenda kwa mfumu, mganga wa kienyeji wa kijiji cha mbali, na akarudi na jibu ambalo nadhani alikwenda nalo mwenyewe: ni jirani, ni mwanamke, ni wa upande wa machweo. Jumatatu mtu alikuwa ameng'oa mihogo ya Bibi Kwandu mistari miwili na kuiacha ikikauka njiani. Watu waliacha kumwamkia. Vijana fulani walimpitishia ujumbe kwamba ni heri aondoke kabla mgonjwa hajafa, maana baada ya hapo hawatakuwa na la kumwambia.

Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa maana ya ujumbe huo. Tulikuwa tumesikia ya vijiji vingine. Na nilikuwa najua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua: kwamba nusu saa kabla baba hajaanguka, nilimpa maji kwa kikombe cha dawa. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo shuleni nikakaa nalo darasani. Nilijiambia nikisema, watasema Minza amemuua baba yake. Nisiposema, watamfukuza Bibi Kwandu au watamfanyia lile lisilosemwa mbele ya watoto. Niliacha kula. Mama alidhani ni majonzi.

Siku ya tatu mama alinichukua twende kumwona mgonjwa. Alikuwa amesikia kutoka kwa mmoja wa waliompeleka kwamba Sista, mtawa aliyekuwa mganga wa kituo, ameagiza aletewe kopo la dawa na hakuna aliyetekeleza. Mama alilifunga kopo ndani ya mifuko miwili ya nailoni akalibeba mkononi njia nzima, mbali na mwili wake, mbali na mtoto mgongoni. Tulimkuta baba amelala, amepauka, macho yamefumba, lakini anapumua vizuri. Baba mdogo Masanja alikuwa ameketi kwenye benchi mlangoni. Hakuwa ameondoka pale tangu arudi kwa mfumu.

Sista alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye sauti ya chini. Alilipokea kopo kwa mikono yenye glavu, akasoma, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha alichokijua. Akauliza nani alikuwa na mgonjwa shambani siku ile. Mama akanisogeza mbele. Akaniuliza baba alivaa nini, alichanganya vipi, upepo ulikuwaje, alikula saa ngapi, alikunywa nini. Nilijibu yote hadi nikafika kwenye la mwisho. Nikamwangalia mama, nikamwangalia Masanja.

"Mimi ndiye niliyempa maji," nikasema. "Nilimpa kwa kikombe cha kupimia dawa. Bibi Kwandu hakufanya kitu."

Nililia sana, na hakuna aliyenikatiza. Sista alikaa kwenye benchi ili uso wake ulingane na wangu. Hakuniambia kwamba si kitu, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

"Kikombe kile kilikuwa kibaya, na usikitumie tena," alisema. "Lakini baba yako alibeba dawa mgongoni tangu asubuhi, akaivuta kwa pumzi, akaipuliza kwa mdomo, tena tumbo tupu. Dawa hii inaingia kwa ngozi kama inavyoingia kwa mdomo. Huenda angeanguka hata usingempa tone la maji. Hakuna mtu aliyewafundisha, wewe wala yeye." Kisha akamgeukia mama. "Nani alimwosha?"

Mama alisema ni jirani yetu, mama mmoja mzee.

"Mpelekeeni salamu zangu. Angefika hapa na lile shati mwilini, nisingekuwa na mgonjwa wa kumtibu."

Masanja alikuwa anatazama sakafu. Sista alinipa lile kopo ndani ya mfuko wake wa nailoni, akaniuliza kama najua kusoma, akanionyesha maandishi madogo ya Kiswahili ubavuni, nikamsomea kwa sauti: vaa glavu na buti, usipulizie kinyume cha upepo, usile wala kunywa wala kuvuta sigara unapofanya kazi, oga kwa sabuni umalizapo, weka mbali na watoto na chakula. Nilipofika mwisho nilielewa kwamba picha zile hazikuwa za wachimbaji. Zilikuwa za baba yangu, jinsi alivyotakiwa awe. Tulikuwa tumelala nazo miaka yote hiyo.

Tukirudi, Masanja alitufuata akiikokota baiskeli badala ya kuipanda. Tulipokaribia kijiji akamwambia mama, "Shemeji, mimi nimeshasema maneno."

"Basi kayarudishe," mama akajibu, bila kugeuka.

Alijaribu. Alipita nyumba kwa nyumba, lakini neno la namna ile halirudi kwa urahisi lilivyotoka. Wengine walisema ameogopeshwa. Wengine walisema watawa hawajui mambo ya huku. Bibi Kwandu mwenyewe alikuwa ameshatuma habari kwa mtoto wa dada yake aliyekuwa akiishi Kagongwa aje amchukue, na siku iliyopangwa ni Alhamisi. Alifunga vyombo vyake vyote ndani ya shuka moja, akaliweka furushi mlangoni, akawa analala pembeni yake.

Baba aliruhusiwa Jumatano. Alirudi mchana, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya Masanja, mwembamba, kofia imemshuka hadi masikioni. Mama alikuwa amemsimulia yote kituoni. Tulikuwa tumejipanga uani kwetu kumpokea, majirani pia, lakini baiskeli ilipofika kwenye njia panda baba alimwambia Masanja asimame, akashuka, akaenda kwa miguu yake, akiyumba kidogo, hadi kwa Bibi Kwandu. Sisi sote tukamfuata kwa macho, kisha kwa miguu.

"Shikamoo, mayu," alisema. Ni neno la Kisukuma, anaitwa hivyo mama mzazi.

Bibi Kwandu aliitikia, akamtazama kwa hofu.

"Nina njaa," baba akasema.

"Nyumbani kwako kuna chakula, mwanangu. Wanakungoja."

"Nataka cha hapa."

Mtu asiyekulia kwetu huenda asione uzito wa maneno hayo. Mwanamke akishukiwa uchawi, hakuna anayekula kwake. Hata maji yake hayanywewi. Kula kwake mchana, uani, mbele ya watu, ni kuuambia ulimwengu kwamba humwogopi na kwamba anayemgusa amekugusa wewe. Bibi Kwandu akaliendea furushi, akalifungua fundo, kwa sababu sufuria na sahani zilikuwa ndani. Alisonga ugali wa mtama na kuunga nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Baba alikaa kwenye kigoda akanawa, akala polepole kama mgonjwa anavyokula, watu wamesimama njiani. Akamwita Masanja. Baba mdogo alinawa, akakaa, mkono wake ukasimama juu ya ugali muda ambao ulitosha kila mtu kuuona. Kisha akamega, akachovya, akala. Baba akaniita na mimi. Nilikula nikiwa sina haja ya kujificha.

Furushi lile halikufungwa tena. Mtoto wa dada yake alipofika Alhamisi alimkuta shambani, na Masanja pembeni yake akipanda upya mihogo.

Miezi iliyobaki ya msimu ule ilikuwa ya kujifunza, na tulijifunza ovyo ovyo, kila mtu kwa alichoweza. Baba alipiga sanduku la mbao lenye kufuli akaliweka nje, mbali na ghala, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Alinunua mpira mpya wa bomba kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mama alimshonea kizibao kutoka mfuko mzito wa nailoni, cha kukaa kati ya bomba na mgongo, kikampa sura ya kobe na watu wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa kizuri kukisikia. Nguo za kupulizia zilifuliwa peke yake, kwa beseni lake. Alianza kazi alfajiri kabla ya upepo, ameshakunywa uji, na upepo ukiamka aliacha hata kama amebakiza mistari miwili, yeye ambaye hakupenda kuacha kazi katikati. Tundu likiziba alilizibua kwa unyasi mgumu. Makopo matupu aliyatoboa kwa msumari ili yasitamaniwe na mtu. Na kwanza kabisa alipita shambani bila bomba, akahesabu funza kwa macho, na mara nyingi aligundua kwamba dawa haikuhitajika wiki ile.

Mimi nilipata kazi yangu mwenyewe. Kabla ya kufungua kopo jipya, baba aliniita nisome maandishi yote, hata niliyokwisha kuyasoma. Jirani mmoja akatukuta, akasikiliza, kesho yake akaja na kopo lake. Akaja mwingine. Wengi wao hawakujua kusoma, na waliojua hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba maandishi madogo vile yanawahusu. Niliwasomea uani, wamekaa kwenye vigoda, watu wazima na kofia zao magotini, na wakiuliza swali nisilolijua niliandika kwenye daftari nimpelekee Sista Jumapili. Siku moja Masanja alileta chupa ya soda yenye kitu cha njano ndani, aliyoinunua mnadani. Niliigeuza pande zote, nikamwambia hapa hakuna cha kusoma. Aliitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza, akaizungushia mfuko, akairudisha kwa aliyemuuzia.

Leo nina duka la pembejeo Buseresere, kwenye barabara ya Biharamulo. Nauza mbegu, mabomba, dawa, na glavu ambazo wateja wengi huzisifu bila kuzinunua. Sitadanganya kwamba yote yamekwisha. Kila wiki yuko anayeniomba nimpimie kidogo kwenye chupa ya maji, na nikikataa anavuka barabara kumtafuta atakayekubali. Wapo wanaopulizia nyanya leo na kuzichuma kesho. Joto la mchana linafanya buti lionekane adhabu. Baba yu hai, analima bado ingawa si pamba nyingi, na siku za baridi mkono wake wa kushoto hufa ganzi. Bibi Kwandu aliishi miaka mingi baada ya msimu ule, akafa kwa uzee, kitandani kwake, nyumbani kwake, na kijiji kizima kilikuja kumzika. Masanja alikuwa wa kwanza kushika jembe makaburini.

Msimu uliopita nilipigiwa simu mchana na mwanamke kijana, mteja wangu wa kijiji cha jirani, ana mtoto mchanga. Alisema mumewe ameanza kizunguzungu shambani, anatokwa na mate. Nikaanza kumwambia haraka haraka, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, ubebe na kopo. Alinikatiza kwa upole.

"Nimeshamvua, dada. Nimeshamwosha, na kopo ninalo kwenye mfuko. Tuko kwenye bodaboda. Nimepiga nikuulize kama zahanati ya karibu ina mtu leo, au tupitilize kituo kikubwa."

Nikamwambia apitilize. Kisha nikaweka simu mezani, nikawahudumia wateja waliokuwa wakingoja. Jioni alinipigia tena kusema mumewe anaendelea vizuri, amelazwa kwa uangalizi tu. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamuuliza swali ambalo sikujua kwamba nilikuwa nalo miaka yote hiyo. Nilimuuliza majirani wanasemaje.



"Wanasemaje kuhusu nini, dada?" akaniuliza.